Makande ya Nakijwa

Sifa ya chungu haimshibishi mpishi. Mmeisikia asubuhi mama yenu akimwambia jirani, nanyi mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mwanamke aliyechoka, na mambo yalikuwa hivi.

Huko Upare, juu mlimani, palikuwa na kijiji kiitwacho Mrangeni. Vijiji vingine vilijivunia ng'ombe au mashamba ya kahawa. Mrangeni walijivunia makande. Mtu wa kijiji jirani akisifu ya kwao, watu wa Mrangeni walitabasamu tu na kumwuliza kama amewahi kuonja ya Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mke wa Mgonja, na mwaka ule alikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni, binti wa miezi minne aitwaye Nambike. Mahindi yake aliyatwanga mwenyewe mpaka maganda yote yatoke. Maharage aliyachagua moja moja. Jungu lilikaa motoni tangu alfajiri, naye hakuondoka kando yake mpaka punje ya mwisho ilainike.

Kiangazi kile mfereji uliokuwa ukileta maji kutoka msituni ulibomoka. Ukaitishwa msaragambo, kazi ya wote, na wachimbaji wakaja kutoka vijiji vinne. Mwenyekiti, Mzee Kajiru, alisimama mbele ya umati akaahidi kwamba Mrangeni itawalisha watu wote hao kila siku mpaka maji yafike. Alishangiliwa sana. Nakijwa hakuulizwa. Alipashwa habari na mumewe jioni ile, naye kwa kuwa hakutaka kukiaibisha kijiji, akaanza kutwanga.

Wiki ya kwanza wanawake sita walikuja kumsaidia. Ya tatu wakabaki wawili, kwa maana mashamba nayo yalidai. Ya tano alibaki na wifi yake tu, Naetwe, aliyechota maji na kubeba kuni. Watu themanini walikula kila siku. Mila ilitaka mgeni ashibe kwanza, na wageni walipenda kurudia. Jungu lilipofika kwa Nakijwa lilikuwa limebaki ukoko. Alikuwa akiukwangua kidogo, anakunywa chai ya rangi, kisha anainama kuosha vyombo.

Akaanza kuona giza kila anapoinuka. Akaanza pia kutamani udongo, akawa anamega ukutani kwa kidole na kuulamba, akiona haya. Hakumwambia mtu. Kila mchana alisikia wachimbaji wakimsifu kule juu, na sifa zile zilimfanya aone aibu kusema amechoka.

Lakini Nambike alilia. Alikuwa akinyonya kidogo, anaachia, analia tena. Mashavu yalipungua, na shingo ikawa nyembamba. Naetwe ndiye aliyekata shauri. Alimwambia wifi yake waache jungu siku moja, wakashuka bondeni zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alimpima mtoto uzito, akampima joto, akamsikiliza kifua. Kisha akamgeukia mama, akavuta kope lake chini, akatazama.

"Jana ulikula nini?" akauliza.

Nakijwa alifikiri. Alikumbuka mahindi ya jana, madebe matatu. Alikumbuka maharage, na chumvi iliyokaribia kuisha. Alichokula yeye hakukikumbuka.

"Mtoto wako hana ugonjwa, mama," muuguzi akasema taratibu. "Ana njaa. Na wewe una njaa. Huna damu, ndiyo maana maziwa yamekauka."

Pale Mrangeni neno njaa lilikuwa tusi. Nakijwa alilibeba njia nzima ya kupanda mlima, pamoja na mtoto na dawa za kuongeza damu, akipumzika kila baada ya hatua chache.

Walimkuta Mzee Kajiru uani, amesimama kando ya jungu lililopoa. Wachimbaji walikuwa wameshinda na viazi vya kuchoma siku ile, na keshokutwa wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja kuuona mfereji. Alisema yote hayo kwa upole. Alisema jina lote la Mrangeni liko mikononi mwa Nakijwa.

"Mama Nambike, huko vijijini hakuna asiyekutaja," akamalizia. "Sifa uliyotupatia ni kubwa."

Nakijwa alikaa chini kwenye kigoda. Alimfungua mtoto mgongoni, akampakata.

"Sifa ninayo, mzee wangu," akasema. "Jana nilikuwa nayo, na juzi nilikuwa nayo. Nimemnyonyesha mwanangu sifa, hakuitaka. Sifa ya chungu haimshibishi mpishi."

Hakupandisha sauti. Mzee Kajiru alimtazama yule mtoto, akamtazama na mama yake. Akavua kofia, akaenda kumwambia mkewe aanze kutwanga.

Keshokutwa yake makande yalipikwa na mke wa mwenyekiti na wanawake wengine kumi. Yalikuwa magumu, na chini yaliungua. Wageni walitafuna kwa adabu, kisha wakacheka njia nzima ya kurudi. Vijiji jirani vilisema kwa miaka kwamba makande ya Mrangeni yanavunja meno. Watu wa Mrangeni waliyameza maneno hayo.

Nakijwa hakuwapo. Alikuwa nyumbani, ameegemea ukuta, Naetwe akimpa mchicha, maharage, mayai na uji wa maziwa. Alikula polepole, akalala, akaamka akala tena. Maziwa yalirudi kidogo kidogo, na Nambike akapona. Uchovu wa mama ulichelewa zaidi. Mvua zilikuja zikapita, naye bado alipanda mlima kwa kusimama simama.

Mfereji ulipokamilika, Mrangeni walikubaliana jambo moja, bila mkutano wala muhuri: upawa wa kwanza ni wa mpishi, hata mgeni awe nani. Na mgeni akishangaa, huambiwa maneno ya Nakijwa, kwa sauti ile ile ya chini aliyoyasema nayo: sifa ya chungu haimshibishi mpishi.