Nyungunyungu wa Utomvu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika jikoni na kugombana na majirani kama tugombanavyo sisi, palikuwa na bwawa moja likiitwa Kizungwi. Wengi waliishi kandokando yake, lakini waliosikika ni wawili tu, Mamba na Chui. Mamba alikuwa na mkia wa kuvunja mtumbwi. Chui alikuwa na makucha ya kubandua gome la mti. Wao wakisema, wengine kimya.

Pembeni kabisa, kwenye kona iliyojaa magugu maji, alikaa Nguchiro na mumewe na watoto wao wanne. Mume alikuwa ameanguka akavunjika mguu, yuko kitandani, kwa hiyo kazi yote ya kutafuta kitoweo ilikuwa juu ya Nguchiro. Naye ni mdogo, mnamjua nguchiro alivyo, ukimshika unaona mkia tu.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka bwawa likapungua nusu. Maji yakatulia, yakawa maangavu, unaona mpaka mchanga wa chini. Na samaki aina ya sangara, ambao ndio walikuwa wengi humo, wakawa waoga kupita kiasi, maana nao walikuwa wanaona juu vizuri kama sisi tunavyoona chini.

Mamba akiingia majini, wanakiona kivuli chake, haoo, wamekwenda! Akaamua kuvua kwa mshipi. Akatafuta kamba nene, ndoana kubwa kama nanga, pande la nyama kama kichwa cha mbuzi. Akarusha. Mbwaa! Bwawa zima likatikisika. Sangara wakajichimbia kwenye magugu, hawakutoka siku mbili.

Chui naye akafanya vivyo hivyo. Mbwaa! Hakupata hata dagaa.

Nguchiro alikuwa na uzi mwembamba wa katani na ndoana aliyoitengeneza kwa mwiba wa mgunga. Shida yake ilikuwa chambo. Nyungunyungu wote walikuwa wamekimbilia chini kabisa ardhini kwa ukame. Alichimba mpaka kucha zikauma, hakupata.

Siku moja akaenda kuchuma mabungo, angalau watoto wapate cha kufyonza. Akakata mti wa mbungo, utomvu mweupe ukamtiririkia mkononi. Akajaribu kuufuta. Wapi! Ukaganda, ukanata. Akausugua kwa viganja, ukajiviringa ukawa kama uzi mnene, laini, unaonesa. Akaushika ncha moja akautikisa. Ukachezacheza.

"Ala!" akasema Nguchiro. "Huyu si nyungunyungu huyu?"

Akakusanya utomvu kwenye kifuu, akasokota vinyungunyungu kumi na viwili, akavipaka udongo mwekundu, akavikausha kwenye moshi wa jikoni. Mumewe akavitazama kutoka kitandani akacheka. "Mama Siwatu, sasa tunakula mpira?"

"Sisi hatuli. Wataula wengine."

Mara ya kwanza hakupata kitu, maana ncha ya ndoana ilikuwa nje na kila akivuta ilinasa magugu. Akafikiri. Akaichomeka ile ncha ndani ya mwili wa nyungunyungu mwenyewe, ikafichika. Sasa chambo kikapita katikati ya magugu bila kushika hata jani. Badala ya jiwe zito la kuzamishia akafunga kokoto dogo, kama punje ya hindi. Akarusha polepole, chwi! Akaacha kizame. Akatikisa uzi kwa ncha ya kidole, kidogo tu, akatulia. Akatikisa tena, akatulia.

Uzi ukagutuka, tu! Akavuta haraka. Sangara akaponyoka. Safari ya pili ukagutuka, tu! Akajizuia, akangoja mpaka uzi ukaanza kwenda pembeni wenyewe. Hapo ndipo akavuta. Loo, sangara wa kilo mbili!

Tangu siku hiyo, nyumba ya Nguchiro ikanukia samaki.

Na harufu ya samaki wa kukaanga, wanangu, haina adabu. Haikai nyumbani kwake. Ikatoka, ikapita magugu, ikamfikia Chui puani. Chui akamwita Mamba, wakaenda wote wawili bila hodi.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema Nguchiro, huku anawasogeza watoto nyuma yake.

Mamba hakuitikia. Akafunua sufuria, akachukua samaki wote watatu, akampa Chui mmoja, wawili akawameza yeye. Mtoto mdogo akaanza kulia.

"Samaki hawa umewapataje?" akauliza Chui, analamba vidole. "Sisi wenye nguvu hatupati, wewe kidole gumba unapata?"

"Kwa chambo changu, mzee."

"Basi kesho utatufundisha," akasema Mamba. "Ukishatufundisha, mhame. Kona hii tunaichukua."

Nguchiro akamtazama mumewe pale kitandani na mguu wake uliofungwa vijiti. Kuhama kwenda wapi na mgonjwa, kwenye jua lile?

"Nitawafundisha," akasema. "Lakini je, nikiwafundisha na msipate hata mmoja?"

Wakacheka mpaka sufuria zikalia. "Sisi? Tukikosa, hatukanyagi tena hapa!"

"Na samaki wangu?"

"Hatugusi hata mwiba!" akanguruma Chui.

"Basi mkayaseme hayo mbele ya Mzee Kiboko."

Kiboko ndiye aliyekuwa mjumbe wa bwawa. Yeye hula majani, hana ugomvi na mtu kwa ajili ya samaki, ndiyo maana walimchagua. Wakaenda, wakasema, Kiboko akasikia, akasema, "Kesho asubuhi nitakuja kushuhudia."

Jioni ile mume wa Nguchiro hakula. "Utawafundisha uongo?" akauliza.

"Uongo wataugundua, halafu watatumaliza. Nitawafundisha ukweli. Wote, sifichi hata kimoja."

"Mama Siwatu! Basi tumekwisha!"

"Baba Siwatu, wewe umeishi nao miaka yote. Umewahi kumwona Mamba akifuata neno la mtu aliye mdogo kuliko mkia wake?"

Mume akafikiri. Akavuta sahani akala kidogo. Nguchiro mwenyewe ndiye aliyeshindwa kula.

Asubuhi wanyama wakajaa ukingoni. Katikati ya kona ile palikuwa na gogo lililolala ndani ya maji, magugu yamelizunguka. Nguchiro akamweka Mamba ng'ambo hii, akamweka Chui ng'ambo ile, akampa kila mmoja uzi, ndoana na nyungunyungu wa utomvu.

"Sangara wamelala chini ya gogo," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Tumieni uzi huu huu mwembamba. Kokoto liwe dogo. Ncha ya ndoana ifichwe ndani ya nyungunyungu. Rusheni polepole, tikiseni kidogo, mtulie. Uzi ukigutuka msivute. Ngojeni uende pembeni. Ni hayo tu."

Akaondoka akakaa karibu na Kiboko.

Mamba akamwendea Chui, wakanong'onezana.

"Umesikia? Uzi mwembamba! Anataka samaki watukatikie."

"Na ndoana eti ifichwe. Ndoana iliyofichwa itashika nini?"

"Na eti samaki akiuma usivute! Hahaa! Kidudu hiki kinatuona wajinga."

"Tufanye kinyume," akasema Chui. "Kila alichosema, kinyume chake."

Wakatupa nyuzi, wakachukua kamba zao nene. Wakachomoa ncha za ndoana nje. Wakafunga mawe makubwa kama ngumi. Chui akajifunga kamba kiunoni, samaki mkubwa asije akamponyoka. Kila mtu akarudi ng'ambo yake.

Mbwaa! Mamba akarusha kwenye gogo.

Mbwaa! Chui naye akarusha kwenye gogo lilelile.

Ndoana zikazama na ncha zake wazi, zikakutana chini ndani ya magugu. Ya huku ikashika kamba ya kule. Kamba ya Mamba ikagutuka.

"Nimenasa!" akapiga kelele Mamba, akavuta papo hapo.

Kule ng'ambo Chui akahisi kiuno kinavutwa. "Nami nimenasa! Mkubwa huyu! Mkubwa!" Akavuta kwa nguvu zake zote.

Mamba akasimika mkia ardhini. "Ananipa kazi, mwanaharamu!" Akavuta. Chui akachimba makucha kwenye tope. Akavuta. Magugu yakang'oka, gogo likapinduka, sangara wakatawanyika bwawa zima. Vuta, nikuvute, mpaka Mamba akakusanya nguvu zote, akapiga kelele, hiiiyaaa!

Chubwi! Chui akaingia majini kichwa mbele.

Mamba akavuta kamba harakaharaka, mate yanamtoka. Magugu yakasogea, yakasogea, yakafika ukingoni. Ndani ya magugu yakatokea masharubu.

"Ala! Chui?"

"Kumbe wewe ndiye sangara wangu?" akasema Chui, anatema maji.

Wanyama wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mamba akageuka mwekundu macho. "Ametudanganya! Mzee Kiboko, huyu ametufundisha uongo! Chambo chenyewe ni cha mpira, samaki gani anakula mpira?"

Kiboko akamgeukia Nguchiro. "Mama, maneno hayo umeyasikia. Tuonyeshe."

Nguchiro akachukua uzi wake. Maji yalikuwa yamevurugika, samaki wamekimbia, na sasa hakukuwa na hila nyingine iliyobaki ila kuvua kweli. Akatembea mpaka mwisho wa magugu, mahali palipokuwa bado pametulia. Akaficha ncha ya ndoana. Chwi! Akaacha kizame.

Akatikisa kidogo. Akatulia.

Jua likapanda. "Mnaona?" akasema Chui, manyoya yakimchuruzika. Nguchiro hakugeuka. Akatikisa. Akatulia.

Uzi ukagutuka, tu!

"Vuta!" wakapiga kelele wanyama. "Vuta, mama!"

Hakuvuta. Alimfikiria mumewe, akafikiria mtoto aliyelia jana, mkono ukataka kwenda wenyewe. Akauzuia. Uzi ukasimama. Kisha polepole, polepole, ukaanza kwenda pembeni.

Hapo akavuta.

Sangara akaruka juu ya maji, paa! Uzi mwembamba ukanyooka, ukalia, haukukatika, maana Nguchiro alimfuata huku na huko ukingoni, akilegeza akivuta, mpaka samaki akachoka mwenyewe. Walipomtoa alikuwa mrefu kuliko Nguchiro na mkia wake.

Kiboko akamkagua samaki. Akavuta nyungunyungu wa utomvu kutoka mdomoni mwake, akamwinua watu wote wamwone.

"Mamba," akasema, "alikwambia uzi uwe mwembamba?"

"Alisema."

"Chui, alikwambia ufiche ncha?"

"Alisema, lakini..."

"Alikwambia usivute uzi ukigutuka?"

Chui akainama, akajifanya anakamua mkia.

"Basi amewafundisha, nanyi hamkupata hata mmoja. Kona ni ya Nguchiro. Atakayeikanyaga bila hodi atakutana na mimi." Na Kiboko akifungua kinywa, wanangu, hata Mamba hupisha.

Wakaondoka, mmoja analowesha njia, mwingine anaburuta kamba. Mbele kidogo Mamba akasimama, akauliza bila kugeuka, "Wewe Nguchiro, kwa nini hukutudanganya?"

"Sikuona haja, mzee," akajibu Nguchiro. "Nilijua mtajidanganya wenyewe."

Akambeba sangara wake kichwani, akaenda kumpikia mgonjwa.

Nami nilichokuwa nacho kinywani nimekitoa chote, kilichobaki ni hiki kimoja: mwenye kuwadharau wadogo, hata akipewa ukweli mkononi huutupa akidhani ni mtego.