Kifaru Alivyogeuzwa Mzigo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakisomea uhandisi, Kifaru na Kindi walipanga chumba kimoja karibu na chuo. Kifaru alikuwa na akili, lakini wanangu, mitihani ilimtesa. Kila ilipokaribia aliacha kula, akaacha kulala, akawa wa kukariri tu mpaka macho yakamwiva.

Muhula uliopita alisinzia mtihanini, koroo, akarudisha karatasi nyeupe. Safari hii akifeli, anafukuzwa chuo. Kindi alimpenda sana rafiki yake, na kila akiwaza kubaki peke yake mle chumbani roho ilimuuma.

Alimsihi alale, akaambiwa usingizi ni wa wavivu. Akampikia uji, ukapoa mezani. Kindi akaona kubembeleza hakufai kitu.

Jioni ya kuamkia mtihani akaja amejiinamia, na sufuria la ugali mkononi.

"Mwenzangu, boriti zimenishinda. Sielewi zinavyopinda zikibeba mzigo. Nifundishe, la sivyo kesho naumbuka."

Kifaru hakuweza kumnyima. Akafinyanga boriti ya ugali, akailaza juu ya bakuli mbili, akaeleza. Kindi akatikisa kichwa, akasema hiyo imeshapinda, heri aile wafinyange nyingine. Kifaru akaila. Nyingine nayo ikaliwa, na nyingine, mpaka sufuria likabaki tupu na tumbo la Kifaru limejaa ndi.

"Bado," Kindi akasema. "Ugali ni laini mno. Kitanda chako kiwe boriti, na wewe uwe mzigo."

Kifaru akajilaza. Kwaa, mbao zikalia.

"Unaona inavyopinda katikati?"

"Naona, ila mzigo unatikisika, ndugu yangu, sipati kipimo. Tulia. Usiseme. Na macho uyafumbe."

Kifaru, mhandisi kwelikweli, hakutaka kuharibu kipimo cha mtu. Akafumba macho. Punde si punde, koroo, koroo, dirisha likatetemeka. Kindi akamfunika shuka.

Asubuhi Kifaru aliamka jua limeshachomoza, akamfokea Kindi kuwa amemponza. Wakaenda chuoni hawasemezani. Lakini alipofunua karatasi, kila swali alilijua, na mkono ukaandika bila kusita.

Alipotoka alimkuta Kindi amesimama mbali, kwa woga.

"Kumbe boriti ulikuwa unazijua," Kifaru akasema.

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Sasa mbona ulinidanganya?"

"Ningekwambia ukweli ungelala?"

Kifaru akacheka, akamkumbatia taratibu asije akamvunja mbavu.

Basi nanyi wanangu, mkisoma, kuleni na mlale, maana kichwa kilichochoka husahau hata kinachokijua.