Sahani ya Kumi na Mbili

Tegeni masikio, maana mwishoni mzigo huu nitawatwika ninyi.

Juu mlimani, kwenye shamba la chai lililoachwa, palikuwa na kambi ya vijana walioshindikana makwao. Mwanahawa aliletwa kwa sababu hakumwamini mtu. Hata mkoba wa mama yake mzazi aliupekua. Chande aliletwa kwa uongo. Tabu, kwa kufungua kufuli za watu.

Siku moja mwenzao Lusajo akatoweka. Bwana Ngoda, mkuu wa kambi, akasema ametoroka, na Chande akaapa kwamba alimwona akiingia msituni. Wote wakasadiki, ila Mwanahawa. Alikuwa na zamu ya kuosha vyombo: vijana wamebaki kumi na mmoja, sahani chafu zinarudi kumi na mbili. Akanyamaza siku nne. Angemwambia nani, na machoni pake kila mtu alikuwa wa Ngoda?

Siku ya tano akambana Chande.

"Uliona nini wewe?"

"Sikuona kitu. Niliambiwa niseme."

"Basi leo sema uongo wako mwenyewe."

Mchana huohuo Chande akamwendea Ngoda, macho makavu. Lori la mchele limekwama mtoni, akasema, wanakijiji wanafungua magunia. Mchele huo ulikuwa wa kambi, na Ngoda alikuwa akiuuza kwa siri. Lusajo alikuwa ameuona wizi wenyewe, ndiyo maana akafichwa. Ngoda akateremka mlima mbio.

Ghala la kukaushia chai ndilo pekee lililokuwa na kufuli jipya. Tabu akasimama mlangoni, pini ya nywele mkononi.

"Sifungui mpaka muape. Likija jema, langu la kwanza."

Wakaapa. Kufuli likaachia, Lusajo akatoka akijikinga jua kwa kiganja.

Ngoda alikamatwa, kambi ikafungwa. Vijana wakapangiwa kambi nyingine, mbali zaidi, mwaka mzima. Mama Lusajo akaruhusiwa kumdhamini mmoja tu wa wale watatu, aishi kwake na kusoma.

"Nisingeshuku, mngemtafuta?" akauliza Mwanahawa.

"Nisingedanganya, mngemfikia?" akasema Chande.

"Na mngepita wapi?" akasema Tabu. "Halafu mliapa."

Mwanahawa akawatazama. Alijua kila mmoja ana doa la mwenzake mdomoni: siku nne za kimya, kiapo cha uongo, wema wa kulipwa. Aliitaka nyumba ile, na hakumwamini hata mmoja wao.

Mama Lusajo ameshika kalamu. Haya, ninyi mnaonisikiliza: aandike jina la nani?