Mvua ya Bati kwa Walioko Mbali

Fumbeni macho, wasikilizaji wangu, na msiyafumbue mpaka niwaambie.

Palikuwa na ndugu watatu Tukuyu, huko ambako mvua hunyesha hadi mtu akasahau kuwa inanyesha. Sekela, dada mkubwa, alikuwa na sikio: alisikia lile ambalo mtu hakulisema. Lusajo alikuwa na subira: hakusifu kitu asichokitumia mwenyewe mpaka mwisho. Tumpe, kitinda mimba, alikuwa na sauti. Akisema tu "habari", watu walitaka kukaa.

Walitangaza mtandaoni bidhaa za wengine: kozi, vitabu vya kusomea kwenye simu, programu za simu. Mtu akinunua kupitia kiungo chao, walipata kamisheni. Lakini walichagua vibaya. Walitangaza kozi ya kutajirika kwa siku saba kwa kuwa kamisheni yake ilikuwa nono, na wateja wakawakimbia.

Siku moja Sekela alikuwa akiongea kwa simu na binamu yao Gwakisa, aliyehamia Dodoma. Alipotaka kuaga, Gwakisa akasema, "Dada, usikate kwanza. Iache simu hapo dirishani."

Sekela hakuuliza kwa nini. Mvua ilidunda batini, na punde akasikia binamu akikoroma.

"Tutangaze programu ya sauti ya mvua," akawaambia wenzake.

Tumpe alicheka. "Mvua? Tukuyu? Dada, watatufunga kamba kama vichaa!"

"Si kwa waliopo. Kwa walioondoka."

Lusajo akapata programu kumi na moja za mvua. Nyumbani hakuweza kuzipima, maana mvua ya kweli iliifunika ya simu. Akapanda basi hadi kwa Gwakisa, akalala michana kumi na mmoja katika joto la Dodoma, kila mchana na programu yake. "Hii inakaanga maandazi," aliandika. "Hii ni bomba linalovuja." Ya mwisho, yenye kamisheni ndogo kuliko zote, ilimfanya amwote marehemu mama yao akianua nguo kambani. Aliamka shavu limelowa.

"Ni hii."

Tumpe akakaa barazani, akarekodi maneno machache: "Wewe uliye mbali, mvua imeanza na nguo zako bado ziko kambani. Lala. Nitakuanulia mimi." Sauti hiyo ikatembea simu hadi simu, mpaka kwa watu wasiowajua. Watu walinunua, wakalala, wakashukuru.

Ndipo wenye programu wakaandika: tunataka mtu wa kuzunguka nchi nzima akituchagulia sauti za mito, misitu na mabati. Kazi ni ya kudumu. Nafasi ni moja. Leteni jina kabla ya Ijumaa jioni.

"Bila mimi mngekuwa bado mnauza utajiri wa siku saba," alisema Sekela.

"Na bila mimi, dada, ungewauzia watu maandazi," alisema Lusajo.

"Haya, bila sauti yangu mngekuwa na programu nzuri, mkalala nayo wenyewe!" alisema Tumpe.

"Zile nguo za kambani zilikuwa ndoto yangu, Tumpe."

"Ndoto yako, kaka. Lakini nani aliisema?"

Wakampigia Gwakisa awaamulie. Simu ikapokelewa kwa usingizi. Walisikia mvua ya programu, na ndani ya mvua, mtu akikoroma.

Leo ni Ijumaa. Fomu iko mezani, mahali pa jina pako wazi, na bati linadunda.

Sasa fumbueni macho. Je, wewe ungeandika jina la nani?