Dafu la Bibi Kordula

Wazee wa Mnazimkinda wamepokezana habari hii tangu enzi za wamisionari, nao huisimulia hivi: palikuwa na mkunga mcha Mungu aitwaye Bibi Kordula, ambaye karibu watoto wote wa kigango kile walizaliwa mikononi mwake.

Padre aliwafikia mara moja kwa miezi mitatu, kwa miguu, na wagonjwa wengine walikufa wakimsubiri. Miaka kumi na moja waumini waliomba wafanywe parokia yenye padre wake. Hatimaye Baba Askofu akawajibu: "Nitakuja kutoa kipaimara. Kigango kinachotaka padre kinionyeshe kwanza kinamtuma nani kwa wengine."

Vijana wakainamisha vichwa. Kwenda kufundisha dini milimani, mwendo wa siku tatu, hakuna aliyetaka. Akasimama binti mmoja tu, Leokadia, mwenye miaka kumi na tisa. Akamwomba Bibi Kordula awe msimamizi wake wa kipaimara.

Jumanne ya juma la kuja Askofu, Bibi Kordula aliwapelekea wanafunzi wa kipaimara mihogo ya kuchemsha. Alipofika mlangoni, Mwalimu Gaudensi, katekista wa kigango, alikuwa akiwasaili.

"Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, na padre yuko mbali, nani aweza kumbatiza?"

"Mtu yeyote, Mwalimu!"

"Kwa kitu gani? Kwa maziwa?"

"Hapana!"

"Kwa dafu?"

Wakacheka. "Hapana, Mwalimu! Kwa maji ya kweli tu."

Bibi Kordula akalitua sinia la mihogo mlangoni. Aliukumbuka mwaka wa ukame: kisima kimekauka, mitungi mitupu, wanawake wamekwenda mtoni tangu alfajiri, na mtoto ametoka hapumui. Karibu naye palikuwa na dafu aliloletewa mzazi. Akammiminia maji ya dafu kichwani, akatamka maneno yote kama alivyofundishwa. Mtoto akapiga chafya, akalia. Padre alipokuja aliuliza tu nani aliyebatiza, akampaka mafuta, akaandika jina: Leokadia.

Alingoja wanafunzi waondoke, akamweleza Mwalimu. Gaudensi akaufunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine, Bibi?"

"Wewe tu."

"Basi na iishie hapa. Mungu anaijua nia yako. Askofu akishaondoka, tutalitengeneza polepole."

"Atampaka mafuta ya krisma mtu asiyebatizwa."

"Ukisema, hatuna wa kumtuma, na padre hatumpati. Unataka tuzike wangapi zaidi bila mpako wa mwisho?"

Bibi Kordula akalichukua sinia lake, akaenda zake. Mumewe mwenyewe alizikwa hivyo. Siku nne alipika, akafua, akachota maji, na kila alipokutana na Leokadia alijifanya ana haraka.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Desturi ni kwamba msimamizi huweka mkono wa kuume begani mwa anayemsimamia, kumshuhudia mbele ya Kanisa. Leokadia alikuwa wa kwanza. Baba Askofu akachovya kidole gumba katika krisma. Bibi Kordula akaunyanyua mkono, ukabaki hewani.

"Weka mkono, Mama," Askofu akanong'ona.

"Siwezi, Baba."

Mwalimu Gaudensi alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi. Bibi Kordula akayakwepa.

"Binti huyu hajabatizwa. Nilimbatiza mimi, kwa dafu."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia. "Loo! Mkristo wa dafu!" Kicheko kikapita mabenchini, kisha kikakatika, kwa maana Leokadia alikuwa amegeuka.

"Bibi, na komunio zangu zote?"

"Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

"Umejua lini?" Askofu akauliza.

"Jumanne, Baba."

"Leo ni Jumapili."

"Niliogopa tutamkosa padre."

Askofu akakifuta kidole chake taratibu. "Binti, bado unataka kwenda milimani?"

"Hata ubatizo sina, Baba."

"Sikukuuliza una nini."

Leokadia akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nataka."

"Leteni maji."

Bibi Kordula akaenda mwenyewe, akarudi na mtungi. Askofu akachungulia ndani. "Haya ni maji?"

"Ni maji, Baba. Nimeyaonja."

Akambatiza papo hapo, kisha akampa kipaimara, na safari hii mkono ulikuwa begani.

Lakini Baba Askofu aliondoka bila kutamka neno juu ya parokia. Juma zima watu hawakumwamkia Bibi Kordula, wala Mwalimu Gaudensi hakumwamkia. Juma la pili akatokea padre wa kukaa nao, na sanduku lake kichwani, na barua ya Askofu mkononi: "Niliomba kuonyeshwa mtu mmoja wa kutumwa, nikaonyeshwa wawili. Mmoja mmemtuma milimani. Mwingine Mungu alimtuma kwangu."

Tangu siku hiyo mkunga wa Mnazimkinda haingii kwa mzazi kabla ya kuona mtungi una maji.

Nasi leo, tukitaka kuhuisha parokia zetu, huanza na mabati mapya na sare za kwaya. Hayo ni mema, na yana mahali pake. Ila kila parokia ina jambo ambalo watu wake wanalijua, wakisubiri Askofu aondoke ndipo walitengeneze polepole. Heri kuanzia hapo, yeye angali amesimama mbele yetu.