Picha ya Kopo la Vileja

Hapo zamani, lakini si zamani za mababu, maana simu zilikuwa zimekwisha kuingia mifukoni mwa watu, aliishi Tanga mwanamke jina lake Mwanahija. Kazi yake ilikuwa kuoka vileja. Vileja vya unga wa mchele, samli na iliki, vinavyoyeyuka ulimini kabla hujatafuna. Mtaani kwake kila mtu alivijua. Mtaa wa pili hawakuwahi hata kuvisikia.

Likafunguliwa duka kubwa, limejaa biskuti za pakiti za kumetameta. Hata wa mtaani kwake wakahamia huko. Mwanahija akaoka, vikalala. Akaoka tena, vikalala tena. Mwanawe akampigia simu kutoka Dodoma: "Mama, funga tanuri, uje ukae na wajukuu zako."

"Nipe miezi mitatu," akajibu. Lakini moyoni alikwisha kuanza kufungasha.

Jirani yake Kibibi, fundi cherehani, akamkuta anafunga vileja kwenye gazeti.

"Shoga, kitu kizuri hivi ndiyo unakivika gazeti?"

Kibibi akakusanya vipande vya kanga vilivyobaki kazini kwake, akashona vifuko mia, kila kimoja na rangi zake, akatarizi juu yake: Vileja vya Mwanahija. Hakutaka malipo. Waliokuwa wakipita sasa wakasimama, wakashika, wakageuza, wakauliza, "Humu mna nini?"

Mmoja wa waliosimama alikuwa Hamduni, mchekeshaji wa mitandaoni, mwenye wafuasi wengi kuliko watu wa wilaya nzima. Yeye alikuja kufanya mzaha. Akawasha simu, akaanza: "Jamani, Tanga siku hizi hata biskuti zinavaa kanga! Hebu tumwone bibi harusi huyu."

Akatia kileja mdomoni. Akafumba macho, akasahau kabisa kwamba anajirekodi. Mwishowe akasema polepole, "Ngojeni kwanza. Namkumbuka bibi yangu."

Video ikaingia mtandaoni, watu wakacheka, wakatumiana. Kesho yake mlango wa Mwanahija haukufungika. Oda za Korogwe, oda za Mombasa, oda za Dar es Salaam! Mwanahija akaoka huku anaimba, unga mpaka kwenye nyusi.

Siku moja samli ikamwishia, na wateja wamejipanga mlangoni. Akatazama chungu kitupu, akatazama foleni. Akatia mafuta ya kupikia. "Nani atajua?" akajiambia.

Chausiku akajua. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mteja tangu vile vifuko vya kwanza. Akaandika chini ya video ya Hamduni: "Nilivila mwezi uliopita, nimevila leo. Hivi sivyo. Leo tumeuziwa jina tu."

Maneno hayo yakakimbia kuliko kile kicheko. Oda zikafutwa, moja baada ya nyingine. Kibibi akataka kwenda kumgombeza Chausiku. Hamduni akataka kumjibu kwa kejeli.

"Niacheni," Mwanahija akasema. "Amesema kweli, na mimi ndiye ninayejua."

Akatafuta samli, akaoka upya, akajitwika sinia, akaenda kwa Chausiku mchana kweupe, majirani wote wanamwona.

"Mwalimu, samli iliniisha, nikaona haya kuwarudisha watu. Nimekosa. Nimekuletea vyenyewe."

Chausiku alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa sinia. Akaonja palepale kizingitini, akacheka. Kisha akaandika tena: "Mwenye kazi amekuja kwa miguu yake, amekiri kosa. Nimeonja. Hivi ndivyo. Nunueni bila wasiwasi."

Oda zikarudi maradufu. Mwanahija akampigia mwanawe: "Walete wajukuu huku. Tanuri halifungwi!"

Biashara ikakua mpaka ikahitaji makopo. Mchoraji wa makopo akasema kila kopo lina nafasi ya picha ya mtu mmoja tu. Mwanahija akasema, "Mimi jina langu limo, linatosha. Picha iwe ya aliyeniinua." Akapika pilau, akawaita Kibibi, Hamduni na Chausiku, na mchoraji naye akaja.

Kibibi akaanza: "Nilikuja wakati hakuna aliyekuja. Bila kanga zangu, huyu Hamduni angesimama kutazama nini?"

"Vifuko vyako vilisimamisha mtaa," akasema Hamduni. "Mimi nilisimamisha nchi."

"Ulikuja kucheka wewe!"

"Nilikuja kucheka, nikaondoka shahidi!"

Chausiku akaweka kijiko chini. "Nyinyi mlimleta mteja. Alipokwisha kuondoka, nani alimrudisha?"

"Si wewe uliyemfukuza?" wakamrukia wote wawili.

"Nilimfukuza kwa ukweli, nikamrudisha kwa ukweli. Mpaka leo samli haijakosekana mle ndani. Kwa sababu ya nani?"

Mwanahija alicheka mpaka machozi, akawaongezea pilau, akamgeukia kila mmoja, na kila aliyemgeukia akamwona ana haki. Mchoraji ameshika brashi, rangi zinaanza kukauka.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, semeni: aliyemshonea vifuko, aliyemtangaza, au aliyemsahihisha? Je, ni sura ya nani iliyostahili kukaa juu ya kopo lile?