Barafu Mbili za Mwalimu Mwanahija

Isomeni hii polepole, jamani, na anayeweza kucheka acheke. Mimi imenichosha.

Mwalimu Mwanahija alifundisha Darasa la Saba katika shule moja ya msingi ya pwani. Watoto wale alikuwa nao tangu Darasa la Tano. Ilibaki miezi mitatu wafanye mtihani wa taifa, na alikuwa anawajua mmoja mmoja, nani anaogopa hesabu za sehemu, nani haandiki chochote mpaka asimamiwe.

Wakafanya mtihani wa majaribio. Swali la kumi na nne liliuliza: "Barafu kubwa zinazoelea baharini kule ncha ya kusini ya dunia huyeyushwa zaidi na nini?" Watoto thelathini na mmoja waliandika: maji ya bahari yenye joto yanayopita chini yake. Mwalimu akawapa vema wote.

Siku ya pili akafika mkaguzi, Bwana Kitundu, na mwongozo wa kusahihisha mkononi. Mwongozo ulisema: jua.

"Mwalimu, umewabeba watoto wako," alisema. "Hizi vema zote ni za bure."

"Si za bure, Bwana Mkaguzi. Kule jua ni hafifu na upepo ni wa baridi kali. Ukiitazama barafu kwa juu utasema haina neno, maana hata theluji mpya inaiangukia. Inaliwa kwa chini. Kuna mkondo wa maji yenye joto kidogo unaopita kwenye kina, unaingia chini ya barafu na kuilamba mchana na usiku."

"Maji ya joto? Ncha ya dunia?" Bwana Kitundu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Wewe ungeyaoga?"

"Ningekufa kwa baridi. Lakini kwa barafu yale ni moto."

"Mwongozo unasema jua."

Mara tatu alieleza, mara tatu akajibiwa mwongozo. Alihisi kama anaongea na mlango. Mwisho Bwana Kitundu akamwambia mbele ya mwalimu mkuu, "Ama ufute hizo vema, ama uliache Darasa la Saba leo hii. Asiyefuata mwongozo hawezi kuandaa watoto wa mtihani."

Mwalimu Mwanahija akameza hasira. "Nipeni nusu saa tu," akasema.

Akaenda soko la samaki kwa miguu yake, akarudi na vipande viwili vya barafu, kila kimoja ukubwa wa mkate. Kimoja akakiweka juu ya mbao katikati ya uwanja, jua likiwaka kwelikweli. Cha pili akakitia ndani ya beseni kubwa la maji ya bomba, kivulini, barazani. Kila baada ya muda alichota maji ya beseni akayamwaga, akaongeza mengine.

"Huo ndio mkondo," alisema. "Maji hayasimami, yanakuja mengine. Haya, Bwana Mkaguzi, kipi kitaisha kwanza?"

"Cha juani! Hata mtoto wa chekechea anajua."

Wakaletewa chai. Bwana Kitundu alikuwa bado hajamaliza kikombe alipochungulia ndani ya beseni, akaona uso mweupe wa barafu unaelea pale pale.

"Si unaona? Kipo kizima."

"Kiinue."

Akakiinua. Kilikuwa chembamba kama sahani, kikamvunjikia vidoleni. Kule uwanjani kipande cha juani kilikuwa kinatiririka maji, lakini hata nusu yake haijayeyuka. Watoto waliokuwa wamejazana madirishani wakapiga kelele.

"Barafu zile za kusini ndizo zinazoizuia barafu ya nchi kavu," alisema Mwalimu Mwanahija. "Zikiisha, ile ya nyuma itateremka baharini, na bahari itapanda. Shule yetu iko hatua mia mbili kutoka pwani. Ndiyo maana nawafundisha."

Bwana Kitundu alivua miwani akaifuta.

"Nimeona kwa macho yangu," alisema. "Umesema kweli, mwalimu. Sina ubishi."

Mwalimu Mwanahija akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

"Sasa futa hizo vema," Bwana Kitundu akaendelea.

"Nini?"

"Mwongozo unasema jua."

"Na huo mwongozo kaandika nani?"

Bwana Kitundu akatazama viatu vyake. "Mimi."

"Basi kaa hapo uubadilishe! Si neno moja tu?"

"Mwalimu, nakala zimeshafika shule arobaini. Nitaonekanaje?"

Mwalimu Mwanahija alimtazama mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akatazama dari. Hapo akajua yuko peke yake. Hakufuta hata vema moja. Aliweka daftari la mahudhurio mezani na chaki juu yake, akatoka. Kabla ya saa sita mchana alikuwa Darasa la Kwanza akifundisha a, e, i, o, u, huku machozi ya hasira yakimlenga. Darasa la Saba akapewa mwalimu mwingine, aliyefuta zote thelathini na moja bila kuuliza swali.

Bwana Kitundu, akirudi kwake, alipitia sokoni akanunua samaki wawili wakubwa aina ya changu. Muuzaji akawatia kwenye ndoo na barafu, kisha akachota maji ili awamwagie.

"Ah, mama, acha!" Bwana Kitundu alimdaka mkono. "Usitie maji humo! Huoni yataimaliza barafu?"

Funzo: Anayeukataa ukweli si lazima awe haujui, mara nyingi anaujua vizuri na anautumia kuokoa samaki wake, ila hataki kufuta alichoandika mwenyewe.